Mishahara ya Walimu na Haki ya Umma Kuijua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Lamu na Malindi

Maswali haya hukaririwa katika vikao vya wazazi, katika vyumba vya walimu na kwenye mabaraza ya Amu, hasa pale Serikali na vyama vya walimu vinapotia saini mkataba mpya, au shule inapowaandikia wazazi barua ya kuwataka waongeze mchango wa walimu wa bodi, yaani walimu walioajiriwa na shule yenyewe. Majibu yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Anayetaka tu kujua namna ya kuandika ombi na aende moja kwa moja kwenye swali la 10.

## Mambo ya msingi

1. Je, mshahara wa mwalimu wa serikali ni siri?

Kiwango cha mshahara si siri, lakini hati ya mshahara ni ya mwenyewe. Kiwango ni kile ambacho Serikali imekubali kumlipa mtu yeyote anayeshika daraja fulani la ualimu, awe anafundisha Kizingitini au Kitale, na fedha hizo zinatoka katika kodi. Hati ya mshahara, ambayo walimu huiita pesilipu, huonyesha mengi kuliko kiwango hicho: mikopo anayodaiwa mwalimu, chama cha akiba alichojiunga nacho, bima aliyokata, na kile kinachobaki baada ya makato yote. Watu wawili wanaobishana kuhusu jambo hili mara nyingi huwa hawabishanii kitu kimoja, kwa kuwa mmoja anazungumzia kiwango na mwenzake anazungumzia hati.

2. Ni nani anayepanga mshahara huo?

Mwajiri ni Tume ya Huduma ya Walimu, yaani TSC, ambayo imewekwa na Kifungu cha 237 cha Katiba ya Kenya ya 2010, ijapokuwa tume yenyewe imekuwapo tangu 1967. TSC hujadiliana na vyama vya walimu, hasa KNUT na KUPPET, na matokeo yake huwa ni mkataba wa pamoja wa miaka minne. Kabla ya mkataba kutiwa saini, Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, hutoa ushauri wake chini ya Kifungu cha 230, kisha Bunge huidhinisha fedha.

Ushauri huo wa SRC si wa kupuuzwa. Mwaka 2015 mahakama ya kazi iliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, mgomo wa majuma kadhaa ukafuata kwa sababu Serikali haikulipa, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikaifuta nyongeza hiyo, ikitilia mkazo nafasi ya SRC. Ugomvi wote huo ulifanyika hadharani, tarakimu zikisomwa redioni, na ni ajabu kwamba hata baada yake wapo maafisa wanaojibu swali la viwango kana kwamba wameulizwa siri ya nchi.

3. Viwango vyenyewe vinasomwaje?

Walimu wa TSC wamepangwa kwa madaraja ya kazi kuanzia B5, ambalo ni la chini kabisa kwa mwalimu wa msingi, hadi D5, ambalo ni la mwalimu mkuu wa ngazi ya juu kabisa katika shule ya sekondari. Kila daraja lina mshahara wa kuanzia na mshahara wa kikomo, na mwalimu hupanda ngazi kwa ngazi kila mwaka hadi afike kikomo hicho. Akishafika, hapandi tena mpaka apandishwe daraja.

Kwa mfano, katika mkataba wa 2017 hadi 2021, mshahara wa msingi wa B5 ulianza Sh21,756 na kuishia Sh27,195, na ule wa D5 ulianza Sh131,380 na kuishia Sh157,656. Mkataba wa Julai 2021 haukuwa na nyongeza ya fedha hata kidogo; nyongeza ya kati ya asilimia 7 na 10 ilikuja Agosti 2023, na mkataba mwingine wa 2025 hadi 2029 ulitiwa saini Julai 2025. Kwa hiyo anayesoma jedwali lolote atazame kwanza ni la mwaka gani, kwa sababu majedwali ya zamani bado yanazunguka kwenye simu za watu na huleta kutoelewana kusikokuwa na msingi.

4. Kwa nini walimu wawili wa daraja moja, mmoja Malindi mjini na mwingine Faza, hawapokei sawa?

Mshahara wao wa msingi ni wa kiwango kimoja. Kinachotofautiana ni posho, na posho mbili ndizo zenye uzito.

Ya kwanza ni posho ya nyumba, ambayo hulipwa kulingana na mahali pa kazi. Nairobi ipo peke yake katika kundi la juu, na Malindi, kwa kuwa ilikuwa manispaa kubwa, iliwekwa katika kundi la pili pamoja na Mombasa, Kisumu na Nakuru. Maeneo yasiyokuwa na hadhi ya manispaa yaliwekwa chini kabisa. Makundi haya yamekuwa yakirekebishwa katika mikataba, lakini wazo lake limebaki lilelile, kwamba nyumba ya mjini hupangishwa kwa bei kubwa zaidi.

Ya pili ni posho ya mazingira magumu, na hapa Lamu hupata kile ambacho Malindi mjini haikipati. Mwalimu wa Kiwayu au Ndau akitaka kufika kaunta ya benki hupanda boti hadi Amu, na upepo wa kusi ukichacha huahirisha safari. Mwalimu wa Malindi mjini huenda kwa miguu au kwa tuktuk. Posho hii nayo hufuata daraja, hivyo anayeshika daraja la juu hulipwa zaidi ijapokuwa bahari wanayovuka ni moja. Ndiyo maana mapendekezo ya kupitia upya orodha ya maeneo yenye mazingira magumu yalipotajwa mwaka 2025, walimu walipinga kwa nguvu, na ndiyo maana pia orodha hiyo inafaa kujulikana na kila mtu pamoja na vigezo vilivyotumika kuiandaa. Ukijua viwango vya mshahara na usijue orodha ya posho, umejua nusu tu.

5. Mbona kiwango kinasema kingine na kinachoingia benki ni kingine?

Kwa sababu ya makato. Chukua mwalimu ambaye mshahara wake wa msingi pamoja na posho unafika Sh50,000. Bima ya afya ya jamii, SHIF, hukata asilimia 2.75, ambayo ni Sh1,375. Ushuru wa nyumba za bei nafuu hukata asilimia 1.5, ambayo ni Sh750. Ipo kodi ya mapato. Upo mchango wa pensheni wa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi kwa walimu walio katika mpango ulioanza Januari 2021. Ipo ada ya chama cha walimu. Hayo ni ya lazima au karibu na lazima, na mkopo wowote bado haujaguswa.

Baada ya hapo huja makato ambayo mwalimu ameyaridhia mwenyewe: chama cha akiba na mikopo, benki, bima ya maisha, pikipiki aliyoichukua kwa awamu. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na kuwepo kwa sheria hiyo kunaonyesha kwamba wapo wengi wanaokaribia mpaka huo. Mzazi anayemwona mwalimu akikopa sukari dukani tarehe 15 asihitimishe kwamba jedwali la viwango linadanganya, wala asihitimishe kwamba mwalimu ni mbadhirifu. Kinachobaki baada ya makato ni jambo la nyumba ya mtu.

## Sheria zinasemaje

6. Ni sheria gani inayoniruhusu kujua viwango?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeeleza haki hiyo kwa undani, na katika sehemu yake ya 5 imetaja waziwazi kwamba kila taasisi ya umma itoe viwango vya mishahara ya maafisa wake kwa kila daraja. Maana yake ni kwamba habari hii ilipasa kuwa mahali ambapo mtu anaweza kuisoma hata kabla ya kuuliza. Kuomba kwa barua ni njia ya pili, pale ambapo ya kwanza imeshindikana.

Zaidi ya viwango, jumla ya fedha nazo ziko wazi. TSC ina fungu lake katika bajeti ya kitaifa, linalozidi Sh300 bilioni kwa mwaka, na karibu lote ni mishahara. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua matumizi hayo na ripoti yake huwasilishwa Bungeni, ambako yeyote anaweza kuisoma.

7. Je, naweza kuomba mshahara wa mwalimu fulani kwa jina?

Unaweza kuomba, lakini tarajia kukataliwa, na kwa kawaida kukataliwa huko kutakuwa na msingi. Sehemu ya 6 ya sheria hiyohiyo inaruhusu habari kuzuiwa ikiwa kuitoa kutavamia faragha ya mtu pasipo sababu ya haki. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeongeza ulinzi huo: habari yoyote inayomhusu mtu anayeweza kutambulika ni data yake binafsi, na mali ya mtu pamoja na mambo ya familia yake ni data nyeti.

Hata hivyo faragha si ukuta usiopenyeka. Sheria ya 2016 inataka habari itolewe pale ambapo maslahi ya umma yanazidi madhara yatakayompata mhusika. Mtu mmoja akilipwa kwa daraja ambalo hakupandishwa, au jina likiendelea kulipwa baada ya mwenye jina kustaafu, hoja ya maslahi ya umma huwa na nguvu. Udadisi tu wa jirani hauna nguvu hiyo.

Na katika hali nyingi jina halihitajiki. Ukijua daraja la mtu na kituo chake cha kazi, swali la 3 na la 4 yanakutosha kukisia mshahara wake kabla ya makato kwa ukaribu mkubwa.

8. Kwani walimu hawatangazi mali zao? Fomu hizo haziko wazi?

Hutangaza, kila baada ya miaka miwili, kama watumishi wengine wa umma. Utaratibu huo ulianzishwa na Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, na sasa umo katika Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025. Fomu hukabidhiwa mwajiri na hazibandikwi popote. Tangazo la mali na kiwango cha mshahara ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya hakumsaidii anayeuliza.

9. Nchi nyingine huchapisha mpaka majina. Sisi tunashindwa na nini?

Ni kweli kwamba zipo. Mkoa wa Ontario nchini Kanada, kwa sheria ya 1996, huchapisha kila mwaka jina, cheo na malipo ya kila mtumishi wa umma anayelipwa dola 100,000 za nchi hiyo au zaidi, na walimu wamo. Kiwango hicho cha dola 100,000 hakijawahi kupandishwa kufuata gharama ya maisha, hivyo orodha iliyokusudiwa kuwaonyesha wakubwa imezidi kuwajumuisha watu wa kawaida mwaka baada ya mwaka. Umoja wa Ulaya umechukua njia nyingine: agizo lake la 2023, lililozipa nchi wanachama hadi Juni 2026 kulitekeleza, linawapa wafanyakazi haki ya kujua wastani wa malipo ya wanaume na wanawake wanaofanya kazi sawa, pasipo kumtaja mtu.

Kwa maoni ya mwandishi, majina hayangetufaa. Ontario ni kubwa na jina hupotea humo. Siyu ni mji ambao mwalimu anajulikana kwa ukoo, kwa mtaa na kwa deni lake la mwezi uliopita, na jina likibandikwa pamoja na tarakimu, atakayekuja wa kwanza ni mkopaji, si mkaguzi. Tunachokosa ni kidogo kuliko hicho na kinawezekana leo: jedwali la sasa, kwa Kiswahili, kwenye ubao wa ofisi ya elimu.

## Namna ya kuomba

10. Naandika kwa nani, na kwa lugha gani?

Sheria inasema ombi liwe la maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Usikubali kuambiwa uandike upya kwa Kiingereza. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, hueleza kwa mdomo na afisa huyaandika maelezo yake kisha humpa nakala.

Kwa sheria, afisa wa habari wa kila taasisi ni mtendaji wake mkuu, ambaye anaweza kumteua mwingine. Barua kuhusu walimu wa TSC ielekezwe kwa TSC yenyewe, na inaweza kupelekwa kupitia ofisi ya mkurugenzi wake wa kaunti. Ikifika kwa ofisi isiyo na habari hiyo, ofisi hiyo inapaswa kuihamishia kwa yenye nayo ndani ya siku 5. Maneno kama haya yanatosha:

*Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala ya viwango vya mishahara na posho za walimu kwa kila daraja, kuanzia B5 hadi D5, vinavyotumika sasa, pamoja na posho ya mazingira magumu inayolipwa katika Kaunti ya Lamu kwa kila daraja. Mimi ni raia wa Kenya. Nitashukuru nikipata nakala hiyo kwa anwani iliyo hapa chini.*

Weka tarehe, toa nakala mbili, na uhakikishe moja imepigwa muhuri wa kupokelewa. Asiye na nakala yenye muhuri hana pa kuanzia siku zake zikihesabiwa.

11. Ni lazima nieleze sababu ya kutaka kujua?

La. Sheria inasema haki hii haiathiriwi na sababu anayoitoa mwombaji wala na kile ambacho ofisi inashuku kuwa ndiyo sababu yake. Ukiulizwa, unaweza kujibu kwa adabu kwamba sheria haikulazimishi.

12. Huchukua muda gani, na hugharimu kiasi gani?

Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Muda huo unaweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Kuomba hakulipiwi, kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa nakala.

13. Na wakinyamaza?

Kunyamaza kumehesabiwa na sheria kuwa ni kukataa. Unazo siku 30 za kuomba uamuzi huo upitiwe upya na Tume ya Haki katika Utawala, CAJ, ambayo wengi huijua kama ofisi ya Ombudsman na ambayo ina ofisi Mombasa. Tume hiyo ina uwezo wa kuamuru habari itolewe, na asiyeridhika na amri yake hukata rufaa Mahakama Kuu.

## Walimu wasioajiriwa na TSC

14. Mwalimu wa bodi analipwa kwa fedha zetu wazazi. Kwa nini hatuambiwi analipwa kiasi gani?

Hili ndilo swali zito kuliko yote katika ukurasa huu, na ndilo lenye majibu machache zaidi shuleni.

Mwalimu wa bodi, au mwalimu wa BOM kama wanavyoitwa na wengi, huajiriwa na bodi ya usimamizi wa shule kuziba pengo ambalo TSC haijalijaza. Hayumo katika madaraja ya swali la 3. Hakuna mkataba wa kitaifa unaomgusa. Mshahara wake huamuliwa na bodi kulingana na kilichopo, na kilichopo hutoka sehemu mbili: mgao wa Serikali kwa kila mwanafunzi, ambao kwa sekondari uliwekwa kuwa Sh22,244 kwa mwaka lakini mara nyingi huchelewa au hupungua, na mchango wa wazazi. Matokeo yake ni kwamba walimu wawili wenye shahada moja, wanaofundisha somo moja katika vyumba vinavyopakana, wanaweza kulipwa mmoja mara kadhaa ya mwenzake, na huyo wa chini asilipwe kabisa wakati wa likizo.

Ukitazama taarifa ya fedha inayosomwa katika kikao cha wazazi, mara nyingi utaona mstari mmoja ulioandikwa "mishahara", na humo wamechanganywa walimu wa bodi, mpishi, bawabu, karani na nahodha wa mashua ya shule kama ipo. Jumla ni moja. Mzazi hawezi kujua kama mchango wake wa muhula umekwenda kwa mwalimu wa hisabati au la, na mwalimu wa hisabati naye, akidai malimbikizo yake, huambiwa kwamba wazazi hawajalipa. Pande mbili zinalaumiana huku karatasi ambayo ingeamua imefungiwa kabatini.

Shule ya umma ni taasisi ya umma, na sheria iliyotajwa katika swali la 6 inaihusu. Mzazi ana haki ya kuomba mgawanyo wa mstari huo: walimu wa bodi ni wangapi, wako katika viwango gani vya malipo, ni kiasi gani kilitengwa na ni kiasi gani kimelipwa kweli. Majina hayahitajiki kwa hayo yote. Kwa kuwa wazazi wana wawakilishi wao ndani ya bodi, njia ya mkato ni kumtaka mwakilishi aulize, na swali lake liandikwe katika kumbukumbu za kikao. Mwakilishi anayejibu kwamba "mambo ya bodi ni ya bodi" amesahau aliyemtuma.

Mwalimu wa bodi mwenyewe naye ana haki zake. Sheria ya Ajira inataka apewe mkataba wa maandishi ikiwa kazi ni ya miezi mitatu au zaidi, na apewe taarifa ya malipo inayoonyesha makato. Kulipwa kwa bahasha isiyo na maandishi si utaratibu.

15. Na walimu wanagenzi?

Malipo yao yamekuwa wazi kuliko ya wote, kwa sababu TSC huyataja katika tangazo la kazi: kwa muda mrefu yalikuwa Sh20,000 kwa mwezi kwa walimu wa sekondari msingi na Sh15,000 kwa shule za msingi, kabla ya makato. Uwazi huo ndio uliowapa wanagenzi hoja ya kuzungumza, na mwaka 2024 suala lao lilifika mahakama ya kazi.

16. Walimu wa chekechea je?

Elimu ya awali ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo mwajiri ni Serikali ya Kaunti ya Lamu, au ya Kilifi kwa walio Malindi, kupitia bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Barua ielekezwe huko, kwa utaratibu wa swali la 10. Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti za kaunti kila robo mwaka zenye jumla ya mishahara, ingawa huwezi kuona humo walimu wa chekechea peke yao.

17. Shule za kibinafsi na madrasa?

Shule ya kibinafsi hailazimiki kumwonyesha mzazi viwango vyake. Madrasa vilevile, isipokuwa kama imepokea fedha za umma, ambapo sheria inaweza kuifikia kwa kiasi cha fedha hizo. Maustadh wengi hulipwa kwa michango na wafadhili, na uwazi wa michango hiyo ni suala la amana kati ya kamati na waumini kuliko la barua ya siku 21.

## Kwa walimu wenyewe

18. Je, ninakatazwa kumwambia mwenzangu ninacholipwa?

Kiwango chako ni cha umma, hivyo hakuna siri ya kuvunja. Mazungumzo ya namna hiyo katika chumba cha walimu ndiyo huibua makosa: mmoja hugundua kwamba mwenzake aliyepandishwa siku moja naye ameshaanza kulipwa daraja jipya, na yeye bado. Sheria ya Ajira inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na mtu hawezi kudai usawa wa kitu asichokijua.

19. Mwalimu mkuu, mwenye nyumba au mkopeshaji anataka nakala ya hati yangu. Nimpe?

Benki au chama cha akiba kinachokukopesha kina sababu ya kuiona, na wewe umeridhia. Mwalimu mkuu hana sababu ya kuzikusanya hati za walimu wote. Mwajiri wako ni TSC na tayari inazo. Mwenye nyumba anaweza kutosheka na barua ya kuthibitisha kwamba umeajiriwa. Ukilazimika kutoa, funika makato yasiyomhusu. Nenosiri la akaunti yako ya hati za mshahara usimpe mtu, hata yule kijana wa saibaa anayekuchapia kila mwezi.

20. Hati yangu imesambazwa katika kundi la WhatsApp. Nifanye nini?

Hifadhi ushahidi kwanza: picha ya skrini inayoonyesha kundi, nambari iliyotuma na saa. Kisha mtake msimamizi wa kundi aifute. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye anatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90. Ikiwa hati ilivuja kutoka ofisini, taja ofisi hiyo katika malalamiko, kwa sababu wajibu wa kuilinda ulikuwa wao.

## Hali zisizo za kawaida

21. Shule yetu ina walimu watatu tu. Mkitaja daraja, mmemtaja mtu.

Hoja hii ni ya kweli na visiwani hutokea mara nyingi. Shule yenye mwalimu mmoja tu wa daraja la C5 haiwezi kutoa jumla ya malipo ya C5 bila kutoa malipo yake. Katika hali hiyo inafaa takwimu zitolewe kwa tarafa au kwa kaunti ndogo, kwa mfano Lamu Mashariki kwa jumla, ili umma upate picha na mtu asianikwe. Ofisi isitumie udogo wa shule kama kisingizio cha kukataa kila kitu. Viwango vyenyewe havina uhusiano na ukubwa wa shule.

22. Je, orodha ya walimu wa vijiji vya Boni inaweza kuombwa?

Idadi yao na posho zao kwa jumla, ndiyo. Orodha yenye majina, vituo na asili zao, hapana, na hapa mwandishi hana shaka hata kidogo. Shule za wadi ya Basuba, viliko vijiji hivyo, zilifungwa kwa miaka kadhaa baada ya mashambulizi ya 2014, na walimu wasio wenyeji walikuwa na hofu iliyokuwa na sababu. Sheria inaruhusu kuzuia habari inayoweza kuhatarisha usalama wa mtu.

23. Mwalimu haonekani darasani lakini mshahara unaingia. Nikijua mshahara wake itasaidia?

Haitasaidia sana. Kosa hapo ni la utoro, na ushahidi wake ni daftari la mahudhurio na ratiba ya masomo, si tarakimu ya mshahara. Peleka malalamiko kwa mwalimu mkuu, kisha kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo. Ikiwa mtu huyo hajawahi kuonekana kabisa, au shule inasema haimjui, basi ni suala la mwalimu hewa, na sehemu ya pili ya jibu la 7 inahusika.

24. Mume wangu ni mwalimu na hanipi matumizi. TSC wanaweza kunipa hati yake ya mshahara?

TSC hawatakupa kwa barua yako, hata ukiambatanisha cheti cha ndoa. Njia iliyopo ni mahakama. Kwa Waislamu, dai la nafaka, yaani matumizi ya mke, hupelekwa kwa Kadhi, Lamu au Malindi, na wengine huenda kwa hakimu. Katika kesi, unaomba mahakama imwamuru mume alete hati zake za miezi ya karibuni, na asipozileta, mahakama inaweza kumtaka mwajiri azitoe. Huku ukisubiri, jedwali la viwango pamoja na posho za kituo chake linakupa makisio ya kumwonyesha Kadhi siku ya kwanza, na makisio hayo huyaombi kwa mtu yeyote.

25. Mwalimu amefariki na alikuwa anadai malimbikizo. Nani ana haki ya kujua kiasi?

Warithi wake, lakini baada ya kuthibitishwa. TSC itataka cheti cha kifo na hati ya mahakama inayoonyesha nani anasimamia mirathi. Kwa Waislamu hati hiyo inaweza kutoka kwa Kadhi. Msimamizi huyo ndiye anayeandika na ndiye anayejibiwa. Ndugu wengine wapate habari kwake, na wakimshuku, warudi katika mahakama iliyomteua.